Sinia la Wakwe

Wakwe wakifika Bugarama asubuhi kuzungumzia mahari, huwekewa sinia moja katikati. Juu yake kuna ndizi za kuchemsha, viazi vitamu, mihogo, chapati zilizokatwa robo robo, mandazi, karanga, na msimu ukiruhusu parachichi. Pembeni zinasimama chupa mbili za chai, moja ya maziwa na moja ya rangi. Majirani huniita kupanga sinia hilo, na kadiri nilivyozeeka katika kazi hii ndivyo nilivyozidi kuona kwamba vitu vyake havikufika siku moja. Karibu kila kimoja kililetwa na jambo kubwa lililotupata sisi watu wa Ngara, na kama halikuandikwa kwingine, hapa kwenye sinia limebaki.

Nianze na kile ambacho hakipo tena. Bibi mzaa baba alikuwa mtu wa Bugufi, nchi iliyomtambua Mwami wa Burundi mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana mipaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Bugufi ikabaki Tanganyika, ikatawaliwa kutoka Biharamulo. Madai ya kuirudisha Burundi hayakufa upesi. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja mwaka 1948 uliyakuta bado yapo. Ndiyo maana Kihangaza chetu na Kirundi vinasikilizana, na ndiyo maana desturi ya kumpokea mgeni ilikuwa moja huku na kule: mgeni hupokewa kwa kinywaji. Mtungi wa pombe ya ndizi au ya mtama uliwekwa katikati na mirija ikatumbukizwa. Mwenye nyumba alionja kwanza, mgeni ajue hakuna ubaya, ndipo akamkaribisha. Iwe asubuhi au jioni, utaratibu ulikuwa huo huo.

Chakula cha asubuhi kilikuwa kiporo. Ndizi na maharage ya jana, au viazi vilivyolala chunguni karibu na mafiga, vilipashwa moto kidogo, watu wakala wakaenda shamba. Hicho kilikuwa chakula cha wenyeji. Kumwekea mkwe kiporo lingekuwa tusi la kuvunja uchumba.

Kilichoutoa mtungi sebuleni ni dini. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kianglikana ulianza Gahini, Rwanda, ukavuka mpaka kuja kwetu, ambako wamisionari wa CMS kutoka Australia walikuwa wameanza kazi Murgwanza. Walokole waliungama hadharani, wakalipa madeni ya zamani, wakaacha pombe kabisa. Bibi alikuwa mmoja wao. Alisimulia kwamba kuacha kunywa hakukumpa shida. Shida ilikuwa wageni. Utampokeaje baba mkwe wa binti yako bila mtungi? Wakamwekea chai. Lakini pombe ya ndizi hushibisha, na chai haishibishi. Mzee aliyetembea tangu alfajiri hawezi kuzungumza habari za ng'ombe akiwa na kikombe cha chai tupu tumboni. Kwa hiyo viazi na ndizi, vilivyokuwa kiporo cha watu wa nyumbani, vikaanza kuchemshwa upya kabla ya jua kutoka, kwa heshima ya mgeni. Mimi naamini sinia letu lilizaliwa hapo. Na kuonja hakukuachwa: bibi alimimina kikombe chake kwanza, akapiga funda moja mbele ya wageni, kisha akawamiminia. Mama yangu alifanya hivyo, nami nafanya.

Fedha ya kununua majani ya chai na sukari ilitoka kwenye kahawa. Wakulima wa Bugufi walikuwa na chama chao cha ushirika cha kahawa tangu mwaka 1936, miaka mingi kabla ya ushirika mkubwa wa Bukoba, BNCU, wa mwaka 1950. Kaskazini kwetu, kwa Wahaya, kahawa yenyewe ni chakula cha mgeni: buni huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, mgeni akapewa chache za kutafuna. Nyumbani kwetu haikuwa hivyo. Kahawa ilianikwa, ikapimwa, ikaenda zake.

Wageni wa mjini hupenda kusema kwamba sinia hili ni chakula cha asili. Ni letu, ndiyo, ila viazi vitamu, mihogo, karanga, maharage na hata parachichi asili yake ni bara la Amerika, na mgomba ulikuja zamani sana kutoka Asia. Mtama ndio mwenyeji wa Afrika kuliko vyote, nao ndio uliotoka na mtungi. Mihogo iliongezeka wakati wa ukoloni, serikali ilipowalazimisha watu kuilima kama kinga ya njaa, na kwa muda mrefu wazee waliiona ni chakula cha shida. Kwa miaka mingi mama hakuiweka mbele ya wakwe.

Aliiweka baada ya vita. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 viliiacha nchi nzima na upungufu, na sisi tulio pembeni kabisa tuliuhisi kwa ukali. Sukari iligawiwa kwa foleni kwenye duka la kaya. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopamba moto, mtu aliyekuwa na mfuko wa sukari aliuficha hata kama aliununua kwa haki. Wakwe hawakungoja sukari irudi ndipo waoe. Mama alitafuta asali iliyoletwa kutoka misitu ya Biharamulo, akaitia kwenye uji wa mtama, na hapo mtama ukarudi sebuleni kwa mlango mwingine. Kutoka upande huo huo wa Biharamulo, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao walitufundisha michembe na matobolwa: viazi vilivyokatwa na kukaushwa, vya kwanza vikiwa vibichi, vya pili vikiwa vimechemshwa. Matobolwa yana utamu wake yenyewe. Ukiyatafuna na chai kavu hutahisi sukari imekosekana. Bado nayapanga kwenye sinia, na nasikitika kwamba vijana wanayapita.

Chapati na mandazi tulivijua kupitia hoteli za barabarani, lakini kukaanga nyumbani lilikuwa jambo la Krismasi. Lililobadilisha hilo ni mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kukimbia vita. Kambi yao ikawa Benaco, jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyowahi kuweka kambi pale, na ghafla Ngara ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya nchi hii. Misitu ilikatwa kwa ajili ya kuni, na vyanzo vya maji vikachoka. Sokoni mambo yaligeuka: ndizi za kupika zilipanda bei kwa kuwa kila mtu alizitaka, huku unga wa mahindi na mafuta ya msaada vikishuka, kwani wakimbizi waliuza sehemu ya mgawo wapate walichokosa. Makopo ya mafuta yenye maandishi ya Marekani yalifika hadi jikoni kwetu. Mwaka ule wanawake wa hapa walijifunza kukaanga siku ya kawaida. Wanyarwanda waliondolewa Desemba 1996, mandazi yakabaki. Nikiyapanga nawakumbuka akina mama waliotuuzia yale mafuta, waliokuwa wamepoteza kila kitu, na ambao wengi wao hatukuwauliza majina.

Ndizi zenyewe zilikuja kutuponyoka baadaye. Mnyauko wa migomba ulithibitishwa mkoani kwetu Kagera mwaka 2006. Majani hugeuka manjano, mkungu huiva kabla ya wakati na ndizi ikikatwa ndani ina rangi ya kahawia, na dawa hakuna ila kung'oa, kufukia, na kuchoma panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Nyumba yenye shamba la urithi wa babu ikabaki uwanja mtupu. Miaka hiyo nilipanga masinia ya wakwe yasiyo na ndizi hata moja, na wazee wakala wakinyamaza, maana kila mmoja alikuwa na shimo lake la kufukia nyumbani.

Kuhusu kupanga kwenyewe nina msimamo, na siuachi. Viazi nachagua vya ukubwa wa ngumi, nakata ncha zote mbili, nasimamisha sufuriani kwa maji yasiyofika nusu, nafunika kwa majani ya mgomba niliyoyapitisha motoni yalegee, kisha kifuniko na jiwe juu. Maji yakikauka siepui. Naviacha juu ya makaa mpaka maganda yakunjamane na utamu mweusi uanze kunata chini ya sufuria. Mihogo na ndizi hukaa ukingoni, viazi vinafuata, chapati katikati chini ya kitambaa kwa sababu hizo ndizo zinazopoa haraka. Karanga kwenye kibakuli. Mtoto anawanawisha wageni kuanzia mkubwa, na kila mmoja anakula upande wake bila kuvuka mkono mbele ya mwenzake.

Siku hizi naombwa sahani za mtu mmoja mmoja na meza ya kujipakulia, hasa na watoto walioko Mwanza na Dar es Salaam. Kwa sherehe ya watu mia siwezi kukataa. Kwa mazungumzo ya mahari nakataa. Watu wawili waliokuja kubishana idadi ya ng'ombe wakila mahali pamoja hulazimika kusubiriana, kusogezeana, mmoja kumwambia mwenzake karibu. Nimeona mazungumzo yaliyokwama yakifunguka pale, kwa sababu baba wa binti alimsogezea mwenzake kipande kizuri.

Na vitu bado vinaingia. Mwaka 2022 bei ya ngano ilipopanda duniani kwa vita vya Ukraine, mandazi yetu yalikuwa madogo na chapati zikawa chache, nami nikaijaza nafasi yao kwa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, pamoja na parachichi lililopondwa na chumvi kidogo. Mkwe mmoja mzee kutoka upande wa Biharamulo alikula hivyo tu, akaacha vingine vyote, na kabla hata ng'ombe hawajatajwa aliulizia marando ya kwenda kupanda kwake.