1954 Mazimwi Walihukumiwa Bila Wakili

Wasee, wiki iliyopita nilibishana na beshte yangu kuhusu She-Hulk, ile ya 2022, wakili wa kijani. Yeye alishikilia kwamba wazo la wakili kutetea viumbe wa ajabu limeletwa na Marvel. Nikamwambia zii, buda. Kuna jamaa wa Brooklyn alikuwa amefika huko mapema, bila bajeti ya filamu, akiwa na wino na gazeti la mtaa tu. Anaitwa Batton Lash. Nilimwahidi nitaiandika yote, na ndiyo hii.

Katuni ya Lash ilianza 1979 katika The Brooklyn Paper. Iliitwa Wolff & Byrd, Counselors of the Macabre, yaani mawakili wa mambo ya kuogofya. (Jennifer Walters, She-Hulk mwenyewe, toleo lake la kwanza lina tarehe ya Februari 1980. Sisemi waliiba, nasema tarehe ndizo hizo.) Mawakili ni wawili. Alanna Wolff ni mkali, hababaishwi na mtu. Jeff Byrd ana roho laini kidogo. Wana ofisi ya kawaida kabisa hapo Brooklyn na sekretari anaitwa Mavis. Kisicho cha kawaida ni foleni pale mapokezi: vampaya, zombi, mizuka, watu waliolaaniwa, zimwi la kinamasi kwa jina Sodd. Na hakuna anayekimbia. Hakuna anayetafuta msalaba wala kitunguu saumu. Zimwi anaingia, anaketi, anaulizwa shida ni gani, halafu faili inafunguliwa.

Kumbe shida zenyewe ni zako na zangu. Mikataba. Nyumba. Jina kuharibiwa. Majirani wasiokutaka. Mtu ana meno marefu na bado anasumbuliwa na makaratasi.

Sasa, ukisoma hivyo tu utacheka na kusonga mbele. Mimi nilicheka pia. Lakini utani huu una historia nyuma yake, na ukiijua unaona Lash hakuwa anacheza. Turudi miaka 25 kabla ya katuni yake.

Ni Aprili 21, 1954, katika jengo la mahakama pale Foley Square, New York. Kamati ndogo ya Seneti ya Marekani inayochunguza uhalifu wa watoto imekaa kusikiliza habari za vitabu vya katuni. Enzi hizo katuni za kutisha zilikuwa zinatoka kama mandazi ya asubuhi, na waliotajwa sana walikuwa EC, kampuni ya William Gaines, wachapishaji wa Tales from the Crypt. Daktari wa akili aitwaye Fredric Wertham akatoa maelezo yake. Kitabu chake, Seduction of the Innocent, kilikuwa kimetoka mwaka huohuo. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba katuni zinawaharibu watoto, na ushahidi ni watoto aliowatibu yeye mwenyewe. Baada yake akaja Gaines, aliyejitolea mwenyewe kwenda kusema.

Seneta Estes Kefauver akamwonyesha jalada moja la EC. Kwenye picha kuna mwanamume ameshika shoka mkono mmoja na kichwa cha mwanamke mkono wa pili. Akamuuliza kama hiyo ndiyo anaona ni picha ya staha. Gaines akajibu ndiyo, kwa jalada la katuni ya kutisha iko sawa. Halafu, badala ya kunyamaza, akaendelea kueleza jinsi ambavyo ingekuwa mbaya: kama kichwa kingeinuliwa juu kidogo damu ionekane ikidondoka.

Manze.

Nilisomea sheria mihula mitatu kabla karo inishinde, kwa hivyo msinichukulie kama profesa. Lakini hata sisi wa mihula mitatu tunajua swali kama hilo halijibiwi hivyo. Magazeti yalimla mzimamzima.

Rasmi haikuwa kesi. Hakuna aliyeshtakiwa, hakuna hukumu iliyosomwa. Lakini wachapishaji waliogopa serikali ingewatungia sheria, wakaamua kujifunga kamba wenyewe. Oktoba 1954 chama chao, kikiongozwa na John Goldwater wa kampuni ya Archie, kikapitisha Kanuni ya Katuni. Vampaya marufuku. Wafu wanaotembea marufuku. Wala maiti na watu wanaogeuka mbwa mwitu, marufuku. Hata maneno yanayotaja utisho hayakuruhusiwa kwenye jina la jarida. Katuni ikikubaliwa inapigwa muhuri kwenye jalada, na isiyo na muhuri wasambazaji wengi hawaibebi. Haikuwa sheria ya Bunge lakini iliuma kuliko sheria. Gaines alifunga majarida yake ya kutisha mwaka huohuo.

Kuna kifungu kingine ambacho watu hukiruka, na mimi ndicho kilichonishika. Kanuni ilisema pia kwamba polisi, mahakimu na maafisa wa serikali wasionyeshwe kwa namna ya kuwavunjia watu heshima kwa mamlaka. Yaani karatasi ileile iliyowafukuza mazimwi ndiyo iliyomlinda jaji asichekwe. Shikilia hapo, tutarudi.

Na yule Wertham? Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kupitia makaratasi ya daktari mwenyewe yaliyohifadhiwa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, alichapisha alichokikuta. Maneno ya watoto yalikuwa yamebadilishwa. Watoto tofauti wamechanganywa kuwa mmoja. Mambo mengine ya maisha yao, ambayo yangeeleza shida zao bila kutaja katuni, yameachwa nje. Miaka 58 ilipita ndipo mtu akamfanyia yule shahidi kile ambacho wakili angekifanya siku ileile: kukagua ushahidi wake mstari kwa mstari.

Mazimwi walikaa nje hadi 1971, Kanuni ilipolegezwa. Vampaya na wenzake wakaruhusiwa kurudi, mradi waonyeshwe kwa heshima za kale, kama Dracula na Frankenstein wa vitabuni. Marvel hawakungoja. Kufikia 1972 walikuwa na Tomb of Dracula na Werewolf by Night.

Na mwaka huohuo wa 1971 kulitokea kesi ambayo, ningeitunga, mngesema nimezidisha. Mfungwa mmoja aitwaye Gerald Mayo alimshtaki Shetani na wafanyakazi wake katika mahakama ya shirikisho huko Pennsylvania. Akadai Shetani amemwekea vikwazo njiani na kumwangusha, na kwa kufanya hivyo amemnyima haki zake za kikatiba. Jaji hakumfukuza kwa kicheko. Aliandika uamuzi, tena wa kisheria kabisa: haijulikani kama Shetani anaishi ndani ya mamlaka ya mahakama hiyo, na mlalamishi hakueleza samansi itapelekwa wapi. Kesi ikaishia hapo. Mlalamishi alishindwa kwa sababu hakuwa na anwani ya mshtakiwa! Ukielewa kwa nini hiyo inachekesha, umeshaelewa Wolff & Byrd.

Lash mwenyewe alizaliwa Brooklyn 1953, kwa hivyo wakati maseneta wanainua majalada yeye alikuwa bado ananyonya. Alikuja kusoma uchoraji School of Visual Arts, Manhattan, na mmoja wa walimu wake alikuwa Harvey Kurtzman. Huyu Kurtzman ndiye aliyeanzisha Mad pale EC mwaka 1952, chini ya Gaines. Majarida ya kutisha yalipokufa, Mad ilibaki, ikageuzwa kuwa gazeti kubwa mwaka 1955 na hivyo ikakaa nje ya mkono wa Kanuni. Mwalimu mwingine alikuwa Will Eisner. Kwa hivyo ukoo unaonekana. Mtu aliyefundisha kizazi kizima cha Wamarekani kuicheka mamlaka akamfundisha kijana wa Brooklyn, na yule kijana akapewa nafasi kwenye gazeti la mtaa uliojaa mahakama na mawakili.

Akachukua vile vitu viwili ambavyo Kanuni ya 1954 ilivitenganisha kwa ukuta, zimwi na jaji, akaviweka chumba kimoja. Zimwi ndiye mwenye malalamiko ya haki. Jaji ndiye anayeshangaza. Wanaobeba mienge na mapanga ni majirani.

Sikufika kwenye hizi katuni kwa akili nyingi, lazima nikiri. Mwaka juzi, Ijumaa jioni, karao walisomba vijana mtaani kwetu. Nilikuwa nimetoka kununua chapo. Ukiwa na rasta na kofia, hapo tayari wewe ni zimwi. Tulilala ndani hadi Jumatatu, tukapelekwa kortini kwa mariamu tukiwa kumi na mmoja, na mashtaka yakasomwa haraka hata sikusikia vizuri ni kuzurura au ni kusumbua amani. Mzee mmoja tuliyelala naye seli alikuwa ametushauri: semeni ni kweli, mlipe faini, muende nyumbani. Mimi, na mihula yangu mitatu, nikasema ni kweli. Haikuwa kweli. Mathee alilipa. Njiani nilimuuliza kwa nini hakuniambia nikatae, akaniambia, "Na nani angekusemea?"

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa ana haki ya wakili, na kwamba serikali itamlipia wakili huyo pale ambapo bila yeye haki ingepotea pakubwa. Nilikuwa nimekifanyia mtihani kifungu hicho. Nilipata alama nzuri.

Ndiyo maana wiki chache baadaye, nilipokutana na kurasa za Wolff & Byrd nikitafuta kitu kingine kabisa, nilikaa nazo hadi saa tisa usiku. Hakuna kilichonitisha. Kilichonishika ni Alanna Wolff kumtazama kiumbe anayedondosha matope kwenye zulia lake na kuongea naye kama mteja. Hamuulizi kama yeye ni mbaya. Hiyo si kazi yake.

Na mawakili wenyewe walimpenda Lash. Kutoka 1983 hadi 1997 katuni hiyo ilichapishwa pia katika The National Law Journal, gazeti linalosomwa na mawakili wa Marekani. Watu wanaolipwa kwa saa walikuwa wanasimama kusoma habari za vampaya. Nadhani walijiona humo. Wakili yeyote wa jinai ashaulizwa na shangazi yake kwenye harusi: unawezaje kumtetea yule mnyama?

Halafu maisha yakaiga katuni. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ya New York iliamua kesi ya Stambovsky dhidi ya Ackley. Bwana Stambovsky alikuwa amekubali kununua nyumba mjini Nyack kwa dola 650,000, kisha akagundua inasemekana ina mizuka. Mwenye nyumba alikuwa ameisimulia mizuka hiyo hadharani, hadi kwenye Reader's Digest, ila mnunuzi hakumdokezea. Mahakama ikasema, kwa vile mama huyo ndiye aliyeutangazia ulimwengu kwamba nyumba ina mizuka, hawezi sasa kugeuka na kukana. Kwa mujibu wa sheria, nyumba ina mizuka. Mnunuzi akaruhusiwa kujitoa. Uamuzi umejaa utani wa majaji, na wanafunzi wa sheria Marekani bado wanausoma.

Sitawadanganya kwamba kila ukurasa wa Lash ni dhahabu. Anapenda sana kuchezea maneno ya Kiingereza, na mengine ukiyasoma ukiwa Umoja au Kayole yanapita juu ya kichwa. Vichekesho vingine vinategemea vipindi vya televisheni vya Marekani ambavyo hata wazazi wetu hawakuviona. Na zimwi likishakuwa mteja wa mia, mshangao unapungua, unabaki na kesi tu. Lakini nikichagua kati ya hiyo na filamu ambapo tatizo linatatuliwa kwa ngumi ya dakika 40, nachukua kesi.

Mwaka 1994 Lash na mkewe, Jackie Estrada, walianzisha kampuni yao ya uchapishaji, Exhibit A Press, yaani kielelezo cha kwanza cha ushahidi. Hapo Wolff na Byrd wakapata jarida lao kamili, ambalo baadaye lilibadilishwa jina likawa Supernatural Law. Mwaka huohuo Lash aliandika Archie Meets the Punisher. Ndiyo, Archie, kampuni ya yule Goldwater wa Kanuni, ikimpa kazi mtetezi wa mazimwi. Lash alifariki Januari 2019. Kanuni yenyewe ilimtangulia: wachapishaji wa mwisho waliobaki nayo waliiacha 2011, na mmoja wao alikuwa Archie.

Miaka miwili baadaye, 2013, Archie walitoa jarida jipya linaloitwa Afterlife with Archie. Hadithi inaanza na mbwa wa Jughead amegongwa na gari. Muda si mrefu, Riverdale imejaa zombi.