Taasisi ya hisani ya familia: mambo ya kujua miaka ya mwanzo

Wazo la taasisi ya familia mara nyingi huanzia msibani. Mzazi aliyekuwa akisaidia watoto wa jirani amefariki, na wanawe wanasema, "Tumuenzi." Wanachanga, wanamnunulia mtoto mmoja sare na madaftari, kisha wawili. Habari zikisambaa, wazazi wanapanga foleni mlangoni. Kuanzia hapo huruma peke yake haitoshi, unahitajika utaratibu.

Usajili

Hapa Tanzania, familia inaweza kusajili shirika lisilo la kiserikali (NGO) chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, katika ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu. Njia nyingine ni kusajili bodi ya wadhamini RITA.

Cheti cha NGO hudumu miaka 10, lakini kila mwaka shirika linatakiwa kupeleka taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa. Kusajiliwa pia hakuiondolei taasisi kodi moja kwa moja. Hadhi ya taasisi ya hisani huombwa TRA.

Fedha zikae wapi?

Fungueni akaunti ya benki kwa jina la taasisi. Watia saini wawe wawili au watatu, na ni vizuri mmoja asiwe ndugu. Michango ikipitia kwenye simu ya kaka, ni rahisi kuchanganyika na fedha za nyumbani. Akiugua mtoto usiku, kaka atazitumia, tena kwa nia njema kabisa. Lakini mchangiaji akiuliza, jibu litakuwa gumu. Kila shilingi iandikwe kwenye daftari, na stakabadhi zitunzwe.

Hesabu ya miaka minne

Taasisi nyingi changa hukwama hapa. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa katika shule za serikali tangu 2016, lakini sare, madaftari, chakula na hosteli bado vinahitaji fedha.

Chukua mfano. Familia inachanga shilingi 3,000,000 kwa mwaka, na mwanafunzi mmoja anahitaji 300,000. Mwaka wa kwanza wanachukua watoto 10 na fedha inaisha. Mwaka wa pili wakichukua wengine 10, wanahitaji milioni 6. Mwaka wa nne watoto ni 40, na mahitaji ni milioni 12. Wakati huo dada mmoja ameacha kazi na kaka anajenga. Mtoto wa kidato cha tatu anaambiwa mfuko umekauka, naye ndiye anayeumia kuliko wote.

Sasa fanya hesabu nyingine. Wachukue watoto wawili tu kila mwaka. Mwaka wa nne watakuwa wanane, na gharama ni 2,400,000. Kuanzia hapo wawili wakimaliza, wawili wanaingia. Kila mwaka inabaki 600,000 ya akiba na gharama za uendeshaji, na ile iliyobaki miaka ya mwanzo inakuwa kinga mwaka ambao michango imepungua.

Nani achaguliwe?

Shangazi atakuja na mwanawe, na kumkatalia shangazi si jambo dogo. Ndiyo maana vigezo viandikwe mapema, kabla hajaja mtu yeyote. Walimu wakuu na serikali ya kijiji wapendekeze majina, na mjumbe mwenye ndugu kwenye orodha atoke nje wakati wa uamuzi. Hapo shangazi atajibiwa na utaratibu, wala hatamnunia mtu mmoja.

Kama familia yenu imeanza au inafikiria kuanza, kabla ya kumwandikisha mtoto yeyote jiulizeni: fedha yake ya kidato cha nne itatoka wapi?