Nani Alishika Usukani Wedgeport?

Mwaka 1935 Mmarekani Michael Lerner alifika Wedgeport, kijiji cha Waakadia huko Nova Scotia, Kanada. Wavuvi wa hapo walikuwa wakiwachoma jodari kwa chusa. Yeye aliwavua kwa mshipi. Mwaka 1937 yakaanza mashindano ya kimataifa ya timu, zikiwania Kombe la Sharp. Kumbukumbu zimehifadhi majina ya waliokaa kitini wakavuta. Lakini aliyeujua mkondo, akajua jodari hukusanyika wapi na chombo kigeuzwe vipi mshipi usikatike, ni nahodha wa kijijini. Jodari walipoadimika, mashindano yalikoma katika miaka ya 1970. Basi tusomapo orodha ya washindi, tuulize pia: nani alishika usukani?