Masomo ya Matabibu Walio Mbali na Miji

Katika mwaka wa 1956 wapasuaji watatu walikutana katika shamba lililo chini ya mlima Kilimanjaro, wakazungumza juu ya wagonjwa ambao kisu chao hakikuweza kuwafikia. Wa kwanza alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi. Wa pili alikuwa Archibald McIndoe, mzaliwa wa Nyuzilandi, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijipatia sifa kwa kuwatengenezea upya nyuso na mikono marubani walioungua moto, katika hospitali ya East Grinstead, Uingereza. Wa tatu alikuwa Thomas Rees, Mmarekani wa New York. Mwaka uliofuata, 1957, shauri lao lilizaa shirika la madaktari warukao kwa ndege, ambalo leo twalijua kwa jina la Amref.

Habari za ndege hizo zimesimuliwa mara nyingi, maana ndege hupendeza macho. Lakini liko jambo dogo ambalo wasimulizi hulipita mbio, nami naliona kuwa ndilo asili ya yote: Wood na Rees walikuwa wote wawili wanafunzi wa McIndoe. Hawakwenda kwake wakiwa vijana wasio na shahada. Walikwenda wakiwa madaktari kamili, waliokwisha kupewa ruhusa ya kupasua watu, wakakubali kusimama tena kando ya meza ya mwalimu. Mtu wa Nyuzilandi alimfunza Mwingereza na Mmarekani, na ujuzi huo ukaja kumfaa mtoto wa Afrika ya Mashariki aliyezaliwa na mdomo wa sungura. Masomo haya basi yalikuwa ya mataifa kabla hayajawa na shirika.

Yafaa tufikiri hali ya tabibu wa hospitali ya wilaya au ya misioni katika siku zile. Huyu alikuwa mpasuaji, mkunga, daktari wa watoto na wa macho, na mara nyingine fundi wa mashine ya umeme. Hakuwa na mwenziwe wa kumwuliza. Aliyoyajua ni yale aliyotoka nayo chuoni, nayo yalikuwa yakichakaa kila mwaka pasipo yeye kutambua, kwani ni vigumu mtu kuliona kosa ambalo hakuna wa kumwonyesha. Akikosea, aliyelipa ni mgonjwa.

Kwa tabibu wa namna hiyo, ziara ya bingwa iliweza kuwa moja ya mambo mawili. Mgeni aliweza kushuka, akapasua wagonjwa kumi, akanywa chai, akapaa. Wale kumi wakapona, na wa kumi na moja, aliyefika kesho yake, akarudishwa nyumbani kungoja ndege nyingine. Au aliweza kumpa mwenyeji kisu, yeye mwenyewe akawa msaidizi, kazi ikaenda polepole, na siku hiyo wakapasuliwa watano tu. Hesabu ya kwanza hupendeza katika taarifa zipelekwazo kwa wafadhili. Ya pili haionekani mpaka ndege imekwisha ondoka, kidonda kimeanza kutunga usaha, na muuguzi wa zamu anajua la kufanya. Ziara za namna zote mbili zilikuwa na haja yake, wala sioni haki kuilaumu ile ya kwanza, maana mgonjwa aliye mbele ya macho ana dai lake. Redio, ambayo wazee waliita simu ya upepo, ilisaidia kuziba pengo lililobaki: hospitali ya mbali iliweza kusema na Nairobi, tabibu akauliza akajibiwa, na wenziwe wa kwingine waliokuwa wakisikiliza wakajifunza bila ya kuuliza.

Wala mafunzo hayakwenda upande mmoja. Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyekuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, akaandika habari zao mwaka 1958. Alipotaka kujua ugonjwa huo ulienea wapi aliwaandikia barua matabibu wa hospitali za mbali, na mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari yapata maili 10,000 kuwauliza ana kwa ana. Majibu yalionyesha kwamba ugonjwa ulifuata nchi zenye joto na mvua nyingi. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Kwa vipande vya uvimbe vilivyopelekwa kwa ndege kutoka Uganda, Epstein na wasaidizi wake walikitambua kirusi kipya mwaka 1964. Kirusi kile chaitwa kwa majina ya watu wa maabara. Matabibu waliojibu zile barua hawatajwi, ijapokuwa wao pia walikuwa walimu.

Mwaka 1966 kilitoka kitabu kilichohaririwa na Maurice King, kilichotokana na kongamano la Makerere, juu ya matibabu katika nchi zinazoendelea. Fadhila yake ni kwamba hakikuanza na hospitali ya London na kisha kupunguza. Kilianza na umaskini wenyewe, kikauliza fedha chache na vitanda vichache vyaweza kufanya nini.

Hata hivyo lilibaki shauri la cheti. Kabla ya vyuo vikuu vyetu kuanza kuwafundisha upasuaji watu waliokwisha kuwa madaktari, aliyetaka kuitwa mpasuaji bingwa alivuka bahari kwenda Uingereza. Wako waliorudi, wako wasiorudi. Ndiyo maana natoa uzito mkubwa kwa jambo la Desemba 1999, wapasuaji wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika walipounda chuo chao wenyewe, ambacho makao yake yako Arusha. Chuo hicho hakina madarasa: mwanafunzi hubaki katika hospitali, hufundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa, kisha hufanya mtihani mmoja na wenzake wa nchi nyingine. Tangu 2007 Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Ireland kimeshirikiana nacho, kikisaidia masomo ya kompyuta na mafunzo ya walimu. Lakini mtihani na cheo ni mali ya wenyeji.

Wauguzi nao walikuwa na kiu hiyohiyo. Mwaka 2005 Amref, serikali ya Kenya, Baraza la Wauguzi la nchi hiyo na kampuni ya Accenture walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta, ili maelfu ya wauguzi wenye cheti wapate stashahada. Kama wangengoja nafasi katika vyuo vya bweni, wengi wangestaafu kabla ya zamu yao kufika. Na kama wangeitwa wote pamoja, nani angebaki na wagonjwa? Sasa waliweza kusoma huku wakiwa kazini.