Ngonjera au Malumbano?

Washairi wenzangu wa Masasi na Newala wamekusudia kutunga kwa pamoja shairi refu juu ya maji. Wengi wanataka liwe ngonjera: mmoja atunge, wengine wagawiwe sauti. Mimi napinga.

Ngonjera, kama alivyoikuza Mathias Mnyampala, ina sauti nyingi na mkono mmoja. Katika Ngonjera za UKUTA, zilizotoka mwaka 1970 naye amekwisha kufariki, wabishani ni wengi ila mtunzi ni yeye. Nimezifundisha miaka mingi, na jukwaani hazina mfano. Lakini mbishi wa ngonjera hulainika mwishoni kwa kuwa mtunzi amekwisha kuamua.

Malumbano ni mengine. Katika Mambo Leo, gazeti lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, mshairi aliweza kuuliza kwa beti, akajibiwa kwa beti na mtu wa mji wa mbali asiyemjua hata kwa sura. Aliyeuliza aliweza kushindwa mbele ya wasomaji wote.

Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako akina mama walishuka mabondeni kuteka maji na kuupanda mteremko na mitungi kichwani. Masasi iko chini. Nani atatunga manung’uniko ya pande zote mbili bila kupendelea kwao?

Basi Newala waanze: beti saba, mizani kumi na sita, kila ubeti na jina la mwenyewe. Masasi wajibu kwa vina vilevile. Kina cha “ji” kitawatesa, nacho wamekichagua wenyewe.