Jinsi ya kutambua nyanya zilizotokana na mbegu za kubadilishana

WAKULIMA wengi hupata mbegu za nyanya kwa kubadilishana na majirani, jamaa au wanachama wenzao wa vikundi vya kilimo. Mara nyingi mbegu hizo hufungwa katika kipande cha karatasi kisichokuwa na jina, na anayezipanda hubaki kubahatisha iwapo ni Cal J, Rio Grande, Money Maker au aina nyingine kabisa.

Jina la aina si pambo. Humwelekeza mkulima iwapo mmea utahitaji fito, iwapo unafaa kupogolewa, utavunwa kwa muda gani na magonjwa gani unaweza kuyastahimili. Anayekosea anaweza kupoteza mavuno ya msimu mzima pamoja na gharama ya mbolea na dawa.

Kazi ya utambuzi huanza shambani. Yafaa mkulima apande angalau miche kumi ya mbegu hizo mahali pamoja, maadamu mche mmoja hauwezi kuthibitisha lolote. Aidha, apande kando yake miche michache ya aina anayoifahamu, ili apate cha kulinganisha katika udongo na hali ya hewa ile ile.

Ukuaji wa mmea

Jambo la kwanza kuchunguza ni jinsi shina linavyokua. Nyanya hugawika katika makundi mawili makuu. Lipo kundi la zile fupi, ambazo shina lake hukomea kwenye kishada cha maua na matunda yake mengi huiva kwa pamoja. Cal J, Rio Grande na Roma VF zimo katika kundi hili, na hupandwa sana katika mashamba ya wazi.

Kundi la pili ni la nyanya ndefu, ambazo huendelea kurefuka na kuzaa kwa miezi mingi mradi ziegemezwe kwenye fito au kamba. Money Maker, aina ya zamani iliyotoka Uingereza, ni mfano mzuri. Anna F1, inayopendwa na wenye vivungulio, ni ya kundi hilo pia.

Mkulima anaweza kuzitofautisha mapema kwa kuhesabu majani. Kwa kawaida mmea mrefu huwa na majani matatu hivi kati ya kishada kimoja cha maua na kingine, ilhali mmea mfupi huwa na jani moja au mawili tu.

Kosa la kawaida ni kuipogoa nyanya fupi kana kwamba ni ndefu. Vichipukizi vinavyong'olewa ndivyo ambavyo vingezaa, na mavuno hupungua.

Majani na tunda

Majani ya aina nyingi za nyanya huwa na kingo zenye meno. Hata hivyo, zipo aina ambazo majani yake ni mapana, yenye kingo laini kama ya viazi. Alama hii huonekana mche ukiwa bado kitaluni, na husaidia kuondoa majina mengi katika orodha.

Tunda nalo lichunguzwe likiwa bichi na likiwa limeiva. Likiwa bichi, mkulima atazame iwapo sehemu iliyo karibu na kikonyo ina kijani kilichokolea kuliko kwingineko. Likiiva, atazame umbo lake: Money Maker ni ya mviringo, Rio Grande ni ndefu kama yai, nayo Cal J ina pande zilizonyooka zinazoifanya ifanane na kijisanduku.

Kisha tunda likatwe katikati kwa upana ili vyumba vya mbegu vihesabiwe. Nyanya za kusindikwa kama Roma huwa na vyumba viwili au vitatu na nyama nzito, ilhali nyanya kubwa za kukatwa vipande huwa na vyumba vingi zaidi.

Rangi pia inaweza kupotosha. Nyanya nyekundu na nyanya ya waridi zinaweza kuwa na nyama ya rangi moja, tofauti ikiwa katika ganda tu. Tunda likichovywa katika maji moto, ganda hubanduka kwa urahisi. Likishikwa kwenye mwanga, ganda la nyanya nyekundu huonekana la manjano, ilhali la nyanya ya waridi halina rangi.

Jina likikosekana

Kuna wakati ambapo jina halitapatikana kwa sababu halipo. Iwapo aliyetoa mbegu alizikamua kutoka kwa tunda la mahuluti, yaani mbegu zenye alama ya F1, miche yake haitafanana na mama. Mingine itakuwa mirefu na mingine mifupi. Matunda yatatofautiana kwa ukubwa na umbo. Mahuluti yaliyozalishwa kwa kupandanisha aina ndefu na fupi, kwa mfano, hutoa kizazi ambacho takriban mche mmoja kati ya minne ni mfupi.

Miche ikifanana yote, kuna uwezekano mkubwa kuwa mbegu ni za aina thabiti, kwa kuwa ua la nyanya hujichavusha lenyewe kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, macho hayawezi kuona kila kitu. Herufi V na F katika jina la Roma VF humaanisha kuwa inastahimili magonjwa mawili ya mnyauko, yanayosababishwa na kuvu za Verticillium na Fusarium. Nyanya inayofanana nayo kwa sura inaweza kukosa kinga hiyo. Mkulima ambaye shamba lake lina historia ya mnyauko asitegemee sura pekee.

Vilevile, baadhi ya magonjwa, yakiwemo ya virusi vya mozaiki, husafiri pamoja na mbegu. Ni busara mbegu za kupewa zipandwe mbali na zao kuu katika msimu wa kwanza, na mche unaoonyesha dalili ung'olewe.

Suala hili limegusa sheria pia. Marekebisho ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya mwaka wa 2012 yaliwaweka wakulima waliobadilishana mbegu zisizoidhinishwa katika hatari ya kufungwa hadi miaka miwili au kutozwa faini ya hadi Sh1 milioni. Mnamo Novemba 2025, Mahakama Kuu iliamua kuwa vipengele vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kubadilishana mbegu zao za kienyeji vilikiuka Katiba.

Nyanya iliyothibitika kuwa thabiti lakini haina jina bado ina thamani. Mkulima achague matunda ya miche bora isiyo na ugonjwa, aziache mbegu zichachuke katika majimaji yake kwa siku mbili au tatu, azioshe na kuzianika kivulini. Kwenye pakiti aandike mwaka, mahali zilikotoka, kimo cha mmea, aina ya majani na umbo la tunda. Atakayezipokea baadaye hatalazimika kubahatisha.