Fedha ya Kupima Ukuta

Henry Morton Stanley alipita hapa kwetu mwaka 1871, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Chini ya milima ya Uluguru, karibu na Mto Ngerengere, aliukuta mji wa Simbamwene umezungushiwa ukuta wa mawe, una mnara kila pembe na milango ya mbao ngumu iliyotiwa nakshi. Mji huo aliujenga Kisabengo, akamwachia binti yake. Stanley aliporejea pwani mwaka 1872, mafuriko yalikuwa yamekwisha kuzoa sehemu ya ukuta pamoja na nyumba nyingi. Sisi watu wa Morogoro wa leo tunaujua ukuta ule kwa aya chache za mpita njia aliyekuwa na haraka zake. Si haba, lakini fundi mwashi hawezi kuinua hata kona moja kwa aya zile.

Jambo hili lilinirudia mwaka ule tulipokaa watu watano kuandika ombi la ruzuku kwa ajili ya nyumba ya Morningside. Msomaji aliyewahi kupanda mlima kutoka mjini anaijua: nyumba waliyoijenga Wajerumani mwaka 1911, miaka minne tu baada ya reli kufika Morogoro. Nilipoiona mara ya kwanza haikuwa na paa.

Fomu ya mfuko ule wa ng'ambo ilitutoa jasho. Ukurasa wa tatu ulidai ramani ya jengo, vipimo vyake, picha, na maelezo ya mtaalamu juu ya kila ufa. Sisi tulikuwa na picha mbili, na katika moja bibi harusi alikuwa ameuziba ukuta kwa shela lake. Mtaalamu tuliyemwendea Dar es Salaam alitutajia ujira wake, nasi tukatazamana. Ili upewe fedha za kukarabati sharti uwe na uchunguzi, na uchunguzi wenyewe unataka fedha.

Ipo ruzuku ya uchunguzi peke yake, ila ni adimu. Wakfu wa Getty wa Marekani, kati ya 2014 na 2020, ulitoa fedha kwa majengo ya karne ya 20 katika nchi nyingi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda katika kupima, kupima tena na kupanga. Wafadhili wengine, nadhani, hupenda paa jipya. Paa lina utepe wa kukata, uchunguzi hauna.

Wala si wafadhili tu. Mzee mmoja wa Kilakala niliyemweleza mpango wetu alicheka. "Mwanangu, fedha zote hizo kwa makaratasi? Nunueni saruji."

Saruji ndiyo iliyokuwa ikinitia hofu. Iko parokia moja huko mlimani, jina naliacha, ambako waumini kwa nia njema walichanga, fundi akapiga lipu ya saruji juu ya kuta za zamani za mawe na chokaa. Ukuta wa chokaa hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua. Saruji huuziba pumzi. Na upande ule wa Uluguru mvua haipiti, hukaa. Baada ya masika kadhaa lipu ilivimba, ikabanduka, ikaondoka na uso wa ukuta. Mtu mmoja mwenye ujuzi, kwa siku chache, angetuambia hayo kabla. Nasema "angetuambia" kwa kuwa nami nilichanga.

Sheria nayo haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichojengwa baada ya hapo husubiri tangazo la Waziri. Morningside imechelewa kuzaliwa kwa miaka 48.

Watu hunitajia Kilwa. Ni kweli, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ziliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 na kuondolewa 2014, na katika miaka hiyo zilikuja fedha za Ufaransa, Japani na Marekani. Lakini Garlake alikwisha kuchapa michoro ya majengo ya kale ya pwani mwaka 1966, na Chittick akachapa matokeo ya uchimbaji wake wa Kilwa mwaka 1974. Kilwa ilikuwa na ramani kabla ya kuwa na wafadhili wale.

Nenda sasa Mazimbu, nje kidogo ya mji, kwenye shamba la zamani la katani. Hapo chama cha ANC kilijenga chuo cha Solomon Mahlangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa misaada ya nchi nyingi, Norway, Sweden, Denmark na Uholanzi zikiwamo. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa kwa Tanzania, na Chuo Kikuu cha Sokoine kikayarithi. Kuta zilibaki kwetu. Kumbukumbu za chuo kile zilikwenda Chuo Kikuu cha Fort Hare, Afrika Kusini. Atakayetaka kuyachunguza majengo yale vizuri itambidi aanze kwa kutafuta nauli, na sijaona fomu ya ruzuku ya ukarabati yenye mstari wa nauli.

Ombi letu la Morningside halikupelekwa. Tulichanga tena, safari hii tukanunua futi kamba ya mita 50, timazi na daftari, tukapanda mlima Jumamosi tatu mfululizo. Mmoja alishika kamba, mmoja akasoma, mmoja akaandika, na wawili waliobaki walibishana kuhusu upande wa kaskazini. Daftari ninalo. Bibi harusi tumembandika ukurasa wa kwanza.